Mwaka Nilioomba Chuo Mara ya Pili

Mara ya kwanza nilipoomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili nje ya nchi, sikumwambia mtu yeyote nyumbani. Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika sekondari ya kata wilayani Muleba, mwaka wa nne kazini. Nilipanga chumba karibu na shule, na kila Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda kwa wazazi wangu Buganguzi. Kwenye simu yangu nilikuwa nimehifadhi ukurasa wa chuo kimoja cha Ubelgiji. Palikuwa na picha ya wanafunzi waliovaa makoti meupe, wameinamia vifaa ambavyo mimi niliwafundisha watoto kwa kuvichora ubaoni.

Fomu zilitaka mambo mengi, lakini kilichonishinda ni barua ya kujieleza. Kurasa mbili tu: wewe ni nani, unataka kusoma nini, na kwa nini. Nilitafuta mifano mtandaoni nikaokota sentensi huku na huku. Niliandika kwamba tangu utotoni nimekuwa na shauku isiyozimika ya sayansi. Haikuwa kweli. Utotoni nilikuwa na shauku ya senene na ya kuruka kamba. Biolojia niliipenda nikiwa kidato cha tatu, kwa sababu mwalimu aliyeifundisha alikuwa hapigi.

Zilitakiwa pia barua za mapendekezo, mojawapo kutoka kwa mwajiri. Nilimwendea mkuu wa shule, mzee mwembamba aliyebakiza miaka michache kustaafu, mtu wa kuvaa koti la suti hata siku ya mahafali yenye jua kali.

"Andika mwenyewe, Madam," aliniambia bila kuinua macho kwenye ratiba. "Lete nisaini."

Nikaandika mwenyewe. Nilijisifu kwa maneno ambayo nisingethubutu kuyasema mbele ya mtu: kwamba mimi ni kiongozi wa kuzaliwa, mbunifu, mfano wa kuigwa na walimu wenzangu. Alisaini bila kusoma, akagonga mhuri.

Jibu lilikuja mapumziko ya saa nne, nikiwa na kikombe cha uji mkononi. Mistari minne. Wananishukuru, waombaji walikuwa wengi, wananitakia mafanikio. Nilimaliza uji, nikaingia darasani nikafundisha mzunguko wa damu. Sikulia. Kilichonisumbua ni kwamba sikuweza hata kusema wamenionea. Niliisoma tena ile barua yangu jioni ile na sikumwona mtu ndani yake.

*

Msimu huohuo mama alinipigia simu katikati ya wiki, jambo ambalo si kawaida yake.

"Njoo uangalie migomba," alisema. "Majani yanageuka njano na ndizi zinaiva kabla hazijakomaa."

Nilikwenda Jumamosi. Kibanja chetu, ndivyo tunavyoliita shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kilianzishwa na babu yangu. Mama alikata mkungu mmoja mbele yangu. Ndani, ndizi zilikuwa na rangi ya kutu. Kwenye kikonyo palipokatwa, baada ya muda mfupi ute wa njano ukaanza kutoka taratibu, kama usaha. Sikuhitaji kuambiwa. Ulikuwa mnyauko, uleule uliomaliza mashamba ya vijiji vya jirani.

Afisa ugani alikuja siku ya tatu. Alikuwa mpole, alisema analotakiwa kusema: mashina yaliyougua yote yang'olewe, yakatwekatwe, yazikwe, na panga lipitishwe kwenye moto kila baada ya kukata. Tuliifanya kazi hiyo mimi na mama kwa Jumamosi tatu mfululizo. Baba alikuwa amefanya kazi ya ukatekista parokiani kwa miaka mingi, na amezika watu wengi bila sauti yake kutetemeka. Safari hii alikaa kibarazani akitafuna punje za kahawa iliyokaushwa, amegeuzia kibanja mgongo. Migomba ya kainja, ile ya pombe, ndiyo iliyotangulia kufa. Ikafuata nshakara, ya kupika. Jumamosi ya tatu tulianza kuiona nyumba ya jirani kutoka jikoni kwetu. Sikuwahi kuiona kutoka pale tangu nizaliwe.

Tulikuwa tunazika shina la mwisho mama alipoegemea jembe akaniuliza.

"Wewe si ndiye unayefundisha habari za vijidudu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niambie. Kwa nini kimeuchukua huu na kuuacha ule pale? Ni ndugu, shina moja limezaa yote miwili. Mvua ni ileile. Mikono ni yangu ileile."

Nikaanza kumweleza jinsi bakteria wanavyoenezwa na mapanga na wadudu wanaotembelea maua.

"Hayo afisa ameshasema," alinikata. "Mimi nimekuuliza kwa nini kimeuacha ule."

Nilimjibu kwamba sijui. Alitikisa kichwa, si kwa dharau, akaendelea kufukia. Mimi nilibaki nimeshika panga. Shahada nilikuwa nayo ukutani, kwenye fremu, lakini swali la mama yangu lilikuwa limenishinda.

Jumatatu yake nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Wazo lilikuwa rahisi: kuchora ramani ya kibanja, kila shina lililosalia lipate namba, na kila Jumamosi tuandike linavyoendelea. Mama aliziona namba akacheka.

"Migomba haina namba," alisema. "Huu ni ule tulioupanda alipofariki bibi yako. Ule shangazi yako aliuleta kutoka Kanyigo, ameubeba magotini njia nzima. Ukisema kumi na saba, mimi nitajua unasema upi?"

Kwa hiyo tukaandika vyote viwili, namba yangu na jina lake. Nilimwuliza maswali ambayo sikuwahi kumwuliza. Nani alikata mkungu huu? Kwa panga la nani? Ua linaloning'inia chini ya mkungu lilikatwa au lilivunjwa? Nikagundua kwamba upande wa chini wa kibanja, ambako wanunuzi wa ndizi walikuwa wakiingia na mapanga yao wenyewe, ndiko kulikoteketea zaidi. Nikagundua pia kwamba karibu na jiko mama alikuwa na tabia ya kuvunja maua kwa kijiti chenye panda, kwa sababu tu ni mfupi na panga halifiki. Huko mashina mengi yalikuwa yamesimama. Majirani walipoona naandika, wakaanza kuniita niangalie na ya kwao. Sikuwa na dawa ya kuwapa. Niliandika tu, na wao waliridhika kwamba kuna mtu anaandika.

Miezi ilipita. Daftari lilikuwa limejaa nusu siku mama aliponiuliza, tukiwa tunamenya ndizi za mchana, "Haya yote unayoandika, atayasoma nani?"

Ndipo nilipomweleza habari ya chuo, ya maombi ya mwaka uliopita na ya mistari minne. Nilidhani atanikaripia kwa kumficha, au ataniuliza habari ya kuolewa, ambayo haikuwa mbali na mdomo wake siku hizo. Aliendelea kumenya.

"Uliwapelekea daftari?" aliuliza.

"Wakati ule halikuwepo, mama."

"Sasa uliwapelekea nini?"

Siku ileile niliamua kuomba tena.

*

Nilimfuata mkuu wa shule ofisini. Nilisimama kwa sababu nilijua nikikaa nitazunguka.

"Mkuu, naomba uniandikie barua ya mapendekezo. Lakini safari hii naomba uandike wewe mwenyewe."

Aliweka kalamu chini. "Ile ya mwaka jana ilikuwa na kasoro gani?"

"Ilikuwa imeandikwa na mimi."

Nje kengele iligongwa na watoto wakaanza kumiminika kwenda madarasani.

"Ukiondoka, kidato cha tatu na cha nne watafundishwa biolojia na nani?"

"Sijui, Mkuu."

"Angalau hudanganyi," alisema. "Nenda darasani."

Nilidhani amenikatalia. Kesho yake nilimkuta kwenye kompyuta ya shule, akiandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele. Mfumo wa chuo ulikuwa umemtumia ujumbe kwenye barua pepe, na barua ilitakiwa iende moja kwa moja bila mimi kuiona. Alilichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Kila nilipopita alikuwa akikigeuza kioo upande wa ukutani. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu.

Siku ya pili aliniita kutoka mlangoni.

"Madam, mtu mkaidi kwa Kiingereza anaitwaje?"

Nilimwambia.

"Hakuna neno lenye adabu zaidi?"

"Lipo, Mkuu." Nikamtajia lile wanalolitumia kwenye barua za namna hiyo, la mtu asiyekata tamaa.

"Hapana," alisema. "Nitatumia lile la kwanza."

*

Kikwazo kilichofuata sikukitegemea kabisa. Nilihitaji pasi ya kusafiria, na mwaka wa kwanza sikuwa nimefika hatua hiyo. Nilikwenda ofisi ya uhamiaji Bukoba na bahasha ya vyeti vyangu. Dada wa dirishani alivipanga kimoja kimoja, akasimamisha kidole kwenye cheti cha kuzaliwa, halafu kwenye cha kidato cha nne.

"Hawa ni watu wawili," alisema.

Jina la ukoo kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwa na herufi ya R. Kwenye vyeti vyote vya shule lilikuwa na L. Nilikuwa nimeishi na majina hayo mawili maisha yangu yote bila kuona tofauti, kwa sababu nyumbani kwetu tofauti haipo. Katika Kihaya R na L ni ndugu wanaoazimana nguo, na Mhaya akisema moja hajui kama amesema nyingine. Dada yule alitoka mkoa mwingine, na alikuwa sahihi. Alinielekeza nipate hati ya kiapo mbele ya wakili, na mtu anayenijua tangu kuzaliwa aje kuthibitisha.

Mtu huyo alikuwa baba.

Tangu migomba ing'olewe alikuwa amenyamaza. Nilipompelekea habari hiyo nilitegemea aseme amechoka, aende mama. Aliniuliza tu siku. Asubuhi hiyo alitoka chumbani amevaa suruali yake ya Jumapili na viatu alivyovipiga rangi mwenyewe. Tulipofika Kemondo na ziwa likajitokeza, alisema, "Nilidhani nimeshamaliza kazi yangu kwako." Sikujua ni lalamiko au ni furaha.

Wakili alikuwa kijana, ofisi yake ghorofani, na feni iliyozunguka bila kupunguza joto. Alimsomea baba maelezo, akamwuliza kama anajua ni kwa nini herufi zinatofautiana.

"Ninajua," baba alisema. "Cheti cha kuzaliwa kiliandikwa na ofisi. Fomu ya kuanza darasa la kwanza niliiandika mimi kwa mkono wangu. Mwalimu aliniuliza jina, nikasema, akaniambia niandike. Mheshimiwa, mimi nimefundisha watoto katekisimu, nimesoma masomo mbele ya maaskofu. Lakini herufi hizo mbili zimenishinda tangu nizaliwe. Kosa si la huyu mtoto."

"Si kosa, mzee," wakili alisema kwa upole. "Hata mimi ni wa huku."

Wakacheka wote wawili, wakahamia Kihaya, na kwa dakika kadhaa wakili alisahau kwamba ana wateja wengine nje. Kisha baba akasimama, akala kiapo kwa sauti ileile ya kusomea masomo kanisani. Alisema mimi ni binti yake, nimezaliwa nyumbani kwake, na kwamba watu hao wawili wa kwenye vyeti ni mtu mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa shughuli ya kiofisi. Sikuwa nimejiandaa kumsikia baba yangu akinitambua mbele ya sheria. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Tulipotoka alitaka tupite ziwani. Tulikaa ufukweni tukala samaki, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi aliniuliza kuhusu kibanja. Ile karibu na jiko bado imesimama? Nilimwambia imesimama. Akaniomba nimwonyeshe daftari tukifika nyumbani.

*

Barua ya kujieleza niliiandika kibarazani Buganguzi, mchana wa Jumamosi, daftari likiwa magotini. Sikufungua mfano wowote. Nilianza na siku ile mama alipoegemea jembe. Niliandika swali lake kama alivyouliza, kisha nikaandika kwamba sikuweza kulijibu. Nilieleza ramani, namba na majina, upande wa chini na upande wa jikoni. Nilisema wazi kwamba sina uhakika kama kijiti cha mama ndicho kilichoiokoa migomba ile au ni bahati tu, na kwamba nataka kujifunza jinsi ya kutenganisha hayo mawili. Nilipofika mwisho nilitafuta neno shauku. Halikuwemo.

Niliambatanisha picha za kurasa chache za daftari. Kwenye ukurasa mmoja palikuwa na alama ya kidole cha mama, ya utomvu wa ndizi, ambao hautoki. Niliiacha.

Baada ya wiki kadhaa wakaniandikia kwamba wangependa kuzungumza nami kwa video, Jumanne, saa nne asubuhi kwa saa za kwao. Nilipiga hesabu. Sisi tulikuwa mbele yao kwa saa mbili, kwa hiyo kwetu ingekuwa saa sita mchana. Niliomba ruhusa shuleni nikaenda kwa shangazi yangu, Miembeni, Bukoba mjini, kwa sababu mtandao wa mjini ni wa kuaminika. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, mjane, aliyeolewa na Mlutheri, akahamia mjini na kwenye kanisa la mumewe. Ni mama wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kupakua.

Asubuhi ya siku hiyo niliamka nikapiga pasi blauzi nyeupe, nikaitundika mlangoni. Nilikuwa na saa nyingi. Mnamo saa tano nilikuwa uani na shangazi, nimevaa kanga na fulana ya zamani ya mbio za shule, mikono imejaa utomvu wa ndizi tulizokuwa tunamenya. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Niliisogeza kwa kiwiko nisome.

Walikuwa wanauliza kama nipo. Walikuwa wananisubiri tangu dakika tano zilizopita.

Sikujua kwamba wenzetu husogeza saa zao mbele majira ya baridi yanapoisha, na kwamba walikuwa wamezisogeza wikiendi iliyotangulia Jumanne hiyo. Nilijua mengi kuhusu chuo chao, lakini hilo hakuna aliyenifundisha. Nilisimama nikasema, "Shangazi, ni sasa!"

"Sasa nini?"

"Ulaya!"

Alininyang'anya kisu, akanisukuma ndani, akafuta meza kwa mkono. Blauzi niliiacha mlangoni. Nilikaa mbele ya kompyuta ndogo niliyoazimwa na mwalimu mwenzangu, na wakajitokeza watu watatu, wanawake wawili na mwanamume mwenye ndevu nyeupe. Niliomba radhi kwa kuchelewa. Nikawaambia ukweli, kwamba huku saa hazisogei. Yule wa ndevu alicheka akasema hata yeye angependa zisisogee.

Walianza kuniuliza kuhusu daftari. Kiingereza changu ni cha darasani. Nakijua kwa kuandika ubaoni, lakini nikikisema mbele ya watu wanaokizungumza haraka, maneno hunikimbia. Swali la kwanza nilijibu kwa kukwama. La pili nilijibu vibaya, nikajua nimejibu vibaya. Kabla ya la tatu, mvua ikashuka.

Ilikuwa mvua ya masika ya Bukoba, ambayo haianzi kwa manyunyu. Nyumba ya shangazi haina dari. Juu ya bati ilikuwa kelele tupu, sikusikia sauti yangu mwenyewe sembuse ya kwao. Niliwaona wakichezesha midomo. Niliwaonyesha bati kwa kidole. Yule mwanamke mdogo zaidi akaelewa, akaandika swali lake pembeni ya kioo: ukija hapa na baada ya miaka miwili usipate dawa ya ugonjwa huu, utamwambia nini mama yako?

Nilitazama swali hilo na hofu ikapungua. Kuandika naweza. Niliandika kwamba mama yangu hakuniuliza dawa. Aliuliza kwa nini mgomba mmoja umebaki. Nikiweza kurudi na jibu la hilo, hata kama ni dogo, watu wa kijiji chetu watajua wapande nini na wafanye nini wakisubiri dawa. Na nisipoweza, nitamwambia sijui, kama nilivyomwambia mara ya kwanza, lakini nitakuwa najua kwa usahihi zaidi ni kitu gani ambacho sijui.

Walisoma. Tukaendelea hivyo, wakiandika nami nikiandika, kwa karibu nusu saa, huku shangazi amesimama nyuma ya mlango na kisu mkononi kama mlinzi. Tulipoagana mvua ilikuwa bado inapiga. Niligeuka nikamkuta shangazi analia.

"Mbona unalia? Hujasikia kitu."

"Ndiyo maana," alisema. "Nimeona tu unavyoandika bila kusimama."

*

Jibu lilifika mwezi uliofuata. Nilikuwa nasimamia mtihani, simu imezimwa, na sikulisoma hadi watoto walipokusanya karatasi na kutoka. Nilikuwa peke yangu katika darasa lililojaa madawati matupu. Safari hii mistari haikuwa minne. Nilisoma hadi neno la ufadhili, nikarudi juu nikasoma tena tangu mwanzo, nikikagua kwanza kama jina ni langu. Lilikuwa langu, na herufi ile ilikuwa ileile ya kwenye pasi.

Nilikwenda ofisini kwa mkuu wa shule. Alipoona uso wangu alisimama, akafunga kifungo cha koti, akanipa mkono.

"Kasinge," alisema kwa Kihaya, hongera. Hakuwahi kusema nami Kihaya kazini.

"Mkuu, kuhusu madarasa yangu," nilianza. "Nafikiri tungeiandikia halmashauri mapema kuomba mwalimu mwingine..."

"Nimeshaandika."

"Lini?"

"Siku ileile niliyotuma ile barua yako."

"Ulijua nitapata?"

"Nilijua nilichoandika," alisema, akakaa, akarudi kwenye ratiba yake.

Nyumbani baba aliomba nimtafsirie barua yote, pamoja na sehemu za bima ya afya na makazi ya wanafunzi. Mama alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliuliza ni nani ataandika Jumamosi. Nilimwambia nimefikiria kumwomba afisa ugani.

"Wa nini?" alisema. "Mimi nimemaliza darasa la saba. Niachie daftari, wewe nenda na picha zake."

Jumamosi mbili za mwisho tulifanya kazi pamoja ili azoee safu zangu. Nyingine alizifuta akachora zake. Namba aliziacha, akisema ni kwa ajili ya Wazungu.

Mwalimu mpya alifika wiki moja kabla sijaondoka, binti wa umri wa kama miaka ishirini na minne. Nilimwachia chaki zangu za rangi na orodha ya watoto wanaokaa nyuma lakini wanaelewa. Ruhusa yangu ya masomo ilikuwa imetoka. Sikuwa naacha kazi, na jambo hilo nililitamka mara nyingi kwa watu wengi, pengine kwa ajili yangu mwenyewe.

Siku ya safari wazazi wangu na shangazi walinisindikiza uwanja wa ndege wa Bukoba. Ni uwanja mdogo, ziwa liko palepale. Baba aliwapa mkono walinzi wote kama watu wanaopokelewa parokiani. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniachia. Niliingia ndani nikiwa na begi moja na koti zito la mtumba ambalo sikuwa na mahali pa kuliweka ila kulivaa, nikitokwa jasho.

Dada aliyekagua tiketi yangu alitazama pasi, akatazama koti.

"Unaenda mbali," alisema. "Kusoma nini?"

"Magonjwa ya migomba."

Alisimamisha mkono uliokuwa umeshika mhuri. Alikuwa na kucha ndefu za rangi ya zambarau na sare iliyonyooka vizuri, na nilidhani ni mtu wa mjini kabisa.

"Ya kwetu Kamachumu imeisha yote," alisema. "Mama yangu sasa anapanda mihogo, na haipendi. Utarudi lini?"

"Baada ya miaka miwili."

Alichukua kalamu, akaandika namba yake ya simu nyuma ya karatasi ya mizigo, akairudisha pamoja na pasi yangu.

"Ukirudi upite kwetu," alisema. "Nitamwambia mama kuna mtu anakuja."